Kutoka Mtambo wa Akiba hadi Mhimili wa Gridi: Historia ya Vituo vya Umeme wa Gesi Asilia Dar es Salaam na Saa za Kilele cha Mahitaji, 1974–2025

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya vituo vya kuzalisha umeme kwa gesi asilia katika jiji la Dar es Salaam, kuanzia kugunduliwa kwa gesi ya Songo Songo mwaka 1974 hadi kukamilika kwa bwawa la Rufiji mwaka 2025. Hoja kuu ni kwamba vituo hivyo havikufuata njia iliyozoeleka ya mitambo ya kilele, yaani ile inayowashwa saa chache za jioni na kuzimwa. Kwa miaka mingi vilifanya kazi usiku na mchana ili maji ya mabwawa yabaki kwa ajili ya jioni. Makala yanaonesha pia kwamba gharama ya kuihakikishia jioni mwanga wake haikubebwa na watumiaji wa umeme peke yao. Wafugaji wa Ihefu na wananchi wa Mtwara nao walidaiwa sehemu yake.

1.0 Utangulizi

Historia ya umeme nchini Tanzania imeandikwa zaidi kama historia ya mabwawa na kama historia ya kashfa. Katika mkondo wa kwanza, Kidatu, Mtera na Kihansi husimama kama alama za maendeleo ya taifa. Katika mkondo wa pili, majina kama IPTL na Richmond husimama kama alama za mikataba mibovu. Mikondo yote miwili ina ukweli wake, lakini yote huacha kando swali moja la msingi: umeme huo ulihitajika saa ngapi?

Swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua ni mtambo upi ujengwe, ulipwe vipi na uwashwe lini. Taifa linaloangalia jumla ya umeme wa mwaka mzima huweza kujiona lina akiba ya kutosha, na bado likaingia gizani kila siku saa mbili usiku. Kwa sababu hiyo, makala haya yanachukua saa za kilele kama mlango wa kuingilia katika historia ya vituo vya Ubungo na Kinyerezi.

2.0 Saa za Kilele na Nafasi ya Gesi

Umeme wa gridi una tabia inayoutofautisha na bidhaa nyingine: lazima uzalishwe katika sekunde ileile unapotumiwa. Uzalishaji ukizidi au ukipungua, masafa ya mfumo, ambayo nchini ni hezi 50, huyumba. Yakiyumba kupita kiasi, mitambo hujizima ili isiharibike. Kwa hiyo msimamizi wa gridi hukimbizana na mahitaji siku nzima. Nchini Tanzania mahitaji hupanda jua linapozama. Takribani kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, taa za majumbani, televisheni, pasi, feni na friji za maduka huungana na viwanda ambavyo havijazimwa. Hicho ndicho kilele.

Mtambo wa kuhudumia kilele unapaswa kuwa na sifa mbili: uwake haraka, na gharama yake ya ujenzi isiwe kubwa mno, kwa kuwa utakaa bila kazi saa nyingi. Mtambo wa tabaini ya gesi una sifa zote mbili. Hewa husindikwa, huchanganywa na gesi na kuchomwa, kisha hewa moto huzungusha mapanga yanayoendesha jenereta. Mtambo wa kwanza wa aina hii kuzalisha umeme kwa matumizi ya umma ulifungwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1939, ukiwa na megawati 4 tu. Baada ya giza kubwa la Novemba 1965 lililokumba kaskazini-mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, mashirika mengi ya umeme yaliagiza tabaini za gesi. Yalivutiwa na uwezo wake wa kuwaka kwa dakika chache, tena hata pale gridi nzima inapokuwa imezimika.

Udhaifu wake ni kwamba mtambo sahili wa aina hii hupoteza kama joto zaidi ya nusu ya nguvu iliyomo katika gesi. Ndiyo maana katika nchi nyingi huachiwa kazi ya saa chache. Hata hivyo, upo mtambo mwingine unaowaka haraka kuliko wa gesi, nao ni wa maji. Fungulia lango, maji yashuke, umeme upatikane. Nchi yenye bwawa kubwa ina hazina ya kilele iliyohifadhiwa milimani, mradi bwawa hilo lina maji. Historia inayofuata imejengeka juu ya sharti hilo.

3.0 Maji Kwanza: 1908–1994

Umeme wa kwanza wa umma Dar es Salaam uliwekwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1908, ukihudumia karakana za reli na sehemu ya mji walimoishi Wazungu. Chini ya Waingereza, huduma ilikabidhiwa kwa kampuni binafsi, na mwaka 1936 kituo cha Pangani kikaanza kutumia nguvu za maporomoko. Baada ya Uhuru, Serikali ilichukua umiliki hatua kwa hatua, ikaunda shirika moja la TANESCO na kuelekeza macho kwenye mito. Hale ilikamilika mwaka 1964, Nyumba ya Mungu mwaka 1968, Kidatu mwaka 1975 na kupanuliwa mwaka 1980, Mtera mwaka 1988, Pangani mpya mwaka 1995, na Kihansi mwaka 2000. Kwa pamoja vituo hivi sita vilikuwa na uwezo wa megawati 561.

Uamuzi huu ulikuwa na mantiki yake. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuendeshea majenereta ya dizeli. Maji ya mvua hayakununuliwa kwa dola. Kutokana na hali hiyo, mitambo ya dizeli ya Ubungo ikabaki kuwa akiba ya siku mbaya.

Hata hivyo, Kidatu na Mtera vimo katika mto mmoja, Ruaha Mkuu. Mtera ndilo ghala linalotunza maji ya masika ili Kidatu iendelee kuzalisha wakati wa kiangazi. Ghala hilo hujaa maji yanapofika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na halipaswi kutumika yanaposhuka chini ya mita 690. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya umeme wa taifa ilitegemea mita nane na nusu za maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mvua zilipungua na kina kikashuka. Mgawo wa umeme ukaingia katika maisha ya kila siku, na neno lenyewe “mgawo” likapata maana mpya katika Kiswahili cha mijini.

4.0 Gesi Iliyosubiri Miaka 30: 1974–2004

Wakati mgawo ukiendelea, gesi ilikuwa imelala chini ya kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, kwa takribani miongo miwili. Kampuni ya Agip ya Italia iliigundua mwaka 1974, lakini iliona kwamba haina faida ya kibiashara, kwa kuwa ilikuwa ikitafuta mafuta. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, lililoundwa mwaka 1969, liliendelea kuchimba visima kadhaa vya uhakiki. Mwaka 1982 gesi nyingine iligunduliwa Mnazi Bay, Mtwara. Katika miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa kwa kutumia gesi hiyo, lakini haukutekelezwa. Inafaa kutambua kwamba wazo la kwanza lilikuwa kuitumia gesi karibu na ilipotoka, kwa ajili ya kilimo, si kuisafirisha kwenda kuwasha taa za jiji.

Ukame wa miaka ya 1990 ndio uliogeuza fikra. Katikati ya muongo huo TANESCO ilifunga tabaini Ubungo zenye jumla ya zaidi ya megawati 100. Kwa kuwa bomba la gesi halikuwapo, zilichoma mafuta ya ndege yaliyoagizwa nje. Ulikuwa ni mtambo wa kilele kwa maana ya vitabuni: ghali kuuendesha, hivyo uwashwe pale tu unapohitajika. Mwaka 1995 Serikali iliingia pia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa mtambo wa megawati 100 wa mafuta uliojengwa Tegeta. Mgogoro kuhusu gharama halisi za mtambo huo ulipelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mtambo haukuanza kuuza umeme hadi mwaka 2002. Mgogoro huo uliuchelewesha mradi wa Songo Songo wenyewe, kwani Benki ya Dunia ilisita kuendelea na ufadhili kabla suala la IPTL halijatatuliwa.

Hatimaye, Julai 2004, gesi ilifika Ubungo kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, likipita chini ya bahari hadi Somanga kisha nchi kavu hadi Dar es Salaam. Tabaini zilizokuwa zikichoma mafuta ya ndege zilibadilishwa ili zitumie gesi, zikaongezwa nyingine, na kituo kikawa chini ya kampuni ya Songas, kikiwa na uwezo wa takribani megawati 180.

Badiliko la mafuta lilibadili pia kazi ya kituo. Sehemu ya gesi ya Songo Songo ilitengwa kwa ajili ya Songas na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kwa bei nafuu, na mkataba ulidai malipo ya kudumu kwa kuwapo kwa mtambo. Kwa mantiki ya hesabu, haikufaa tena kuuzima mtambo ambao umeshalipiwa na ambao nishati yake ni rahisi. Kituo kilichozaliwa kama akiba kikawa kinanguruma mchana na usiku. Bado kiliendelea kuhudumia kilele, ila kwa njia ya mzunguko: kila saa ya mchana ambayo Ubungo ilizalisha umeme, maji yalibaki Mtera, na maji hayo ndiyo yaliyofunguliwa jioni Kidatu. Kwa hiyo, mtu anayetafuta mchango wa gesi katika saa za kilele hapaswi kuutafuta katika takwimu za saa mbili usiku pekee. Autafute katika kina cha bwawa.

5.0 Dharura Iliyochelewa: 2006–2012

Mpangilio huo ulikuwa na dosari moja: uliwezekana tu iwapo mvua ingenyesha kidogo. Ukame wa 2005 na 2006 uliishusha Mtera chini ya mita 690. Ghala la jioni likawa tupu, na gesi peke yake haikutosha. Mgawo wa mwaka 2006 ulifunga viwanda vidogo, saluni, karakana na mashine za kusaga kwa saa nyingi mchana.

Juni 2006 ulisainiwa mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond kwa mitambo ya gesi ya megawati 100 itakayofungwa Ubungo. Mitambo haikufika kwa wakati, mkataba ukahamishiwa kwa kampuni ya Dowans, na mitambo ilipowasili mvua zilikuwa zimekwisha kunyesha. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe iliwasilisha taarifa yake Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mjadala wa umma ulijikita, kwa haki kabisa, katika swali la nani alifaidika.

Mwanahistoria anapaswa kuongeza swali jingine: kwa nini mitambo isiyozalisha ililipiwa? Jibu limo katika tozo ya uwekezaji. Kiasi kilichotajwa sana hadharani katika mjadala huo ni shilingi milioni 152 kwa siku, ziwe zimezalishwa yuniti au la. Tozo ya namna hii si ulaghai kwa asili yake. Mtambo wa kilele hulipwa kwa kuwa tayari, kama mlinzi anavyolipwa hata usiku ambao mwizi hakuja. Tatizo ni kwamba bei ya utayari inapopangwa wakati bwawa ni tupu na wananchi wamo gizani, mnunuzi hana nafasi ya kukataa. Dharura humnyima anayenunua kitu pekee kinachompa nguvu katika majadiliano, yaani muda.

Baada ya hapo TANESCO ilianza kumiliki mitambo yake yenyewe ya gesi: Ubungo I ya megawati 102 mwaka 2008, Tegeta ya megawati 45 mwaka 2009, na Ubungo II ya megawati 105 mwaka 2012. Hata hivyo, ukame ulirudi mwaka 2011 na mitambo ya kukodi ikaletwa tena. Katika kipindi kisichozidi miaka 20, kila ukame mkubwa ulileta mtambo wa haraka, na kila mtambo wa haraka ulibaki muda mrefu kuliko ukame uliouleta.

6.0 Walioilipia Jioni: Ihefu na Mtwara

Gharama za umeme hazimo katika ankara pekee. Mwaka 2006, maji ya Mtera yalipokuwa yakipungua, Serikali iliamuru wafugaji na mifugo yao waondolewe katika ardhioevu ya Ihefu, Usangu, ambamo Ruaha Mkuu hukusanya maji yake. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kuokoa maji ya kuzalishia umeme. Baadaye, mwaka 2008, eneo hilo liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watafiti wa masuala ya maji walipinga tafsiri hiyo nyepesi, wakionesha kwamba kilimo cha umwagiliaji cha mashamba ya mpunga, pamoja na namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa, vilikuwa na mchango mkubwa. Bwawa likifunguliwa zaidi ya mvua inavyolijaza, litakauka hata kama hakuna ng’ombe hata mmoja juu yake.

Wengi wa wafugaji walioondolewa walielekezwa mikoa ya Pwani na Lindi, ikiwamo wilaya ya Kilwa, ambako ndiko gesi ya Ubungo inatoka. Katika wilaya hiyohiyo, basi, bomba lilipeleka nishati kaskazini na amri ya serikali ikaleta mifugo kusini, na yote mawili yalihalalishwa kwa upungufu uleule wa umeme.

Mtwara ilikuwa na hoja yake. Kuanzia mwaka 2007 gesi ya Mnazi Bay ilitumika kuzalisha umeme wa Mtwara na Lindi, mikoa iliyokuwa nje ya Gridi ya Taifa. Mpango wa kujenga bomba la kilomita 542 hadi Dar es Salaam ulipotangazwa, wananchi waliandamana Desemba 2012. Januari 2013 ghasia zilienea hadi Masasi, na Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, zilizuka upya. Watu walipoteza maisha, mali ziliharibiwa, na wanajeshi walipelekwa. Serikali ilisema rasilimali ni ya Watanzania wote. Waandamanaji hawakukana hilo; waliuliza kwa nini korosho na gesi ya kusini viondoke vikiwa ghafi, na viwanda vijengwe mahali pengine. Kiwanda cha kusafisha gesi kilijengwa Madimba, mkoani Mtwara, lakini mitambo mikubwa ya umeme ilijengwa Kinyerezi.

Kwa jicho la mhandisi, uamuzi wa Kinyerezi unaeleweka: mahitaji ya jioni yako Dar es Salaam, na ni bora mtambo wa kilele uwe karibu na mzigo wake. Kwa jicho la historia, uamuzi huo uliendeleza ramani ya kikoloni ambamo kusini hutoa na bandari kuu hupokea. Majicho yote mawili yanaona sawasawa, na hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo.

7.0 Kinyerezi na Rufiji: 2015–2025

Bomba la Mtwara lilikamilika mwaka 2015, mwaka ambao uliipima sera nzima. Oktoba mwaka huo maji yalipungua kiasi kwamba vituo vya maji vyenye uwezo wa megawati 561 vilizalisha takribani megawati 105 tu, na TANESCO ikatangaza kuvisimamisha. Kwa mara ya kwanza gesi ilibaki karibu peke yake, mchana na jioni. Kinyerezi I, yenye megawati 150, ilitumia tabaini za jamii ya injini za ndege kubwa za abiria, ambazo huwaka na kuzimwa haraka. Kinyerezi II, iliyozinduliwa mwaka 2018 ikiwa na megawati 240, ilikwenda mbele zaidi: joto linalotoka kwenye tabaini za gesi huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha tabaini nyingine. Mtambo wa namna hiyo hutumia gesi kwa ufanisi mkubwa zaidi, lakini haupendi kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara. Kwa kuuchagua, nchi ilikiri kwa vitendo kwamba gesi si akiba tena bali ni mhimili.

Wakati huohuo, uamuzi mwingine ulichukuliwa. Desemba 2018 ulisainiwa mkataba wa kujenga Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, baada ya miezi ya mgawo uliokuwa umerudi mwaka 2023. Machi 2024, katikati ya mvua nyingi, baadhi ya vituo vya maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Oktoba 2024 mkataba wa miaka 20 wa Songas ulifikia mwisho bila kuongezwa, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ya Rufiji ikawa imekamilika.

Hivyo mzunguko umefunga. Gesi iliyoingia Ubungo kuyaokoa maji sasa inasukumwa na maji kurudi kwenye nafasi ya akiba. Tofauti ni kwamba safari hii akiba hiyo ina bomba, visima na mitambo inayomilikiwa kwa sehemu kubwa na umma.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha mambo matatu. Kwanza, vituo vya gesi vya Dar es Salaam vilihudumia kilele hasa kwa kufanya kazi nje ya kilele, vikitunza maji kwa ajili ya jioni. Pili, mikataba iliyoleta gharama kubwa ilisainiwa wakati bwawa limekauka, hivyo historia ya kashfa za umeme haiwezi kutenganishwa na historia ya mvua na ya mipango iliyochelewa. Tatu, usalama wa jioni za jijini uligharimiwa pia na watu wasio na mita za umeme.

Funzo la kisera linatokana na hapo. Rufiji imejaa leo, na kishawishi ni kuiona mitambo ya Ubungo na Kinyerezi kama mzigo, kuiacha izeeke na kuona malipo ya utayari wake kuwa ni hasara. Mtera nayo ilijaa wakati wake. Bwawa la Rufiji hupokea sehemu ya maji yake kutoka Ruaha Mkuu na Kilombero, mito ambayo ukame wake tumekwisha kuuona. Bei ya utayari inapaswa kujadiliwa sasa, wakati mnunuzi hana haraka, kwa hesabu zilizo wazi mbele ya Bunge na wananchi, na ikihusisha wale wanaoishi juu ya gesi na juu ya mito. Mgawo mwingine ukija kabla ya mjadala huo, utajadiliwa gizani kama ulivyojadiliwa mwaka 2006.